Gesi Haijaisha: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kiyoyozi cha Nyumbani Kwenye Joto Kavu

Anayeishi Moroto, Kotido, Gulu au Arua, huku kaskazini mwa Uganda, anaijua Januari. Mvua zilishakata, upepo unavuma mchana kutwa, na vumbi jekundu linapenya hata kwenye kabati lililofungwa. Huo ndio msimu ambao viyoyozi hugoma, na ndio msimu wa mavuno kwa mafundi wa aina fulani. Anafika, anashika bomba la nje, anatikisa kichwa: "Mama, gesi imeisha." Anaongeza gesi, anapokea pesa, anapanda boda. Baada ya muda mfupi mashine inapuliza vuguvugu tena, na anapigiwa simu tena.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli kwenye tangi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, gesi ile ile, miaka kumi na zaidi. Ikipungua, imevuja, na kama imevuja kuna tundu, na tundu halizibwi kwa kuongeza gesi. Tena, katika nchi yenye joto kavu na vumbi, gesi huwa si kosa la kwanza. Mimi hukagua kwa mpangilio huu: hewa, maji, umeme, gesi. Anayeanza na gesi anaanzia mwisho.

Mwongozo huu unahusu kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje, cha BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 24,000, maana ndicho kilichojaa majumbani kwetu. Sehemu za hewa na maji anaweza kuzifanya mwenye nyumba yeyote. Sehemu ya umeme inataka mtu aliyezoea kushika mita. Sehemu ya gesi ni ya fundi, ila mwenye nyumba aisome pia ili ajue analipia nini.

Kabla ya kufungua chochote

Zima kwa rimoti, kisha zima breka ya kiyoyozi kwenye boksi la umeme. Bandika karatasi juu yake au mwambie kila mtu nyumbani, kwa sababu mtoto akiona breka imeanguka ataipandisha. Halafu pima kwa mita kwenye vituo vya nyaya vya mashine ya nje kuhakikisha hakuna umeme. Testa ya bisibisi yenye taa hudanganya; usiiamini peke yake.

Hata umeme ukishakatwa, kapasita, kile kipuri kinachohifadhi umeme wa kuwashia mota, inabaki na chaji. Kwenye mashine ya kawaida, itoe kwa kuunganisha ncha zake kupitia rezista ya takriban omu 20,000 ya wati 5, kwa sekunde kadhaa. Kuna wanaogusisha bisibisi mpaka itoe cheche. Inatoa chaji, ndiyo, lakini inaweza kuharibu kapasita na macho yako. Mashine ya inveta, ile inayobadilisha kasi ya kompresa yake (pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje), ni hatari zaidi: ndani ya bodi ya nje kuna kapasita kubwa zinazoweza kushika volti zaidi ya 300. Subiri angalau dakika 10 baada ya kuzima, kisha pima. Kama huna mita, bodi ya inveta usiifungue.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: bisibisi ya nyota na ya bapa, brashi laini ya rangi, mpira wa maji, kipimajoto kidogo cha kielektroniki, na mita inayopima volti, omu na maikrofaradi (kipimo cha kapasita). Ukiweza kupata mita ya kubana waya, inayosoma ampea bila kukata kitu, utakuwa umewapita mafundi wengi wa mtaani.

Hatua ya kwanza: pima ubaridi kwa namba

Weka alama ya theluji kwenye rimoti. Usicheke, rimoti ikianguka au mtoto akiichezea, mashine huhamia kwenye alama ya tone la maji au ya feni peke yake, na watu hukaa na joto wiki nzima wakimlaumu aliyewauzia. Weka nyuzi 18, feni ya juu, funga milango, subiri dakika 15.

Sasa pima joto la hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, halafu joto la hewa inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, mashine yako inafanya kazi. Hewa ikiwa kavu sana, kama ya Karamoja, ukanda wa Moroto na Kotido, mwezi wa kwanza, tofauti inaweza kuwa kubwa kidogo, kwa kuwa mashine haipotezi nguvu kugeuza mvuke kuwa maji. Jinja au Entebbe, karibu na ziwa, itakuwa ndogo zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa tofauti ni nzuri na chumba bado kina joto, mgonjwa si kiyoyozi, ni chumba: bati lisilo na dari, dirisha la magharibi bila pazia, nafasi chini ya mlango, au mashine ndogo kwa chumba kikubwa. Hapo hakuna gesi itakayokusaidia.

Hapa kuna jambo linalowakosesha wengi pesa. Watu wamezoea kuona maji yakidondoka kwenye bomba la nje, na yasipodondoka wanasema mashine imekufa. Maji hayo ni unyevu wa hewa ya chumbani. Hewa ikiwa kavu, koili, yaani mabomba baridi ya mashine ya ndani, haina unyevu wa kukamua, na bomba linaweza kukaa kavu siku nzima huku mashine ikipoza vizuri kabisa. Fundi akikuambia Februari, kule Kotido, kwamba "haidondoshi maji, kwa hiyo gesi imeisha", mwonyeshe kipimajoto.

Hatua ya pili: vumbi, ndani na nje

Hii ndiyo hatua inayomaliza matatizo mengi, na ndiyo inayorukwa kwa kuwa haina heshima. Nani anataka kuitwa fundi wa kufuta vumbi?

Fungua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani; kinainuka kwa mikono, bila bisibisi. Vuta filta mbili za wavu. Zipige kidogo nje, kisha zioshe kwa maji yasiyo moto na sabuni kidogo ya maji, maji yakitokea upande wa nyuma ili yasukume uchafu kwa njia ulikoingilia. Zianike kivulini. Jua kali hukunja fremu za plastiki, na filta iliyokunjika huacha upenyo pembeni, vumbi likapita moja kwa moja hadi kwenye koili. Msimu wa kiangazi osha kila baada ya wiki mbili; nyumba ikiwa kando ya barabara ya vumbi, kila wiki. Msimu wa mvua, mara moja kwa mwezi inatosha.

Nyuma ya filta utaona koili: vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kwa maelfu. Mulika kwa tochi. Ukiona zulia la kijivu au jekundu, piga brashi laini kutoka juu kwenda chini, ukifuata mistari ya vibati, kamwe usikate kwa upande. Baadaye nyunyiza maji safi kwa chupa ya kupulizia, ukiwa umefunika bodi ya umeme upande wa kulia kwa nailoni. Dawa za kung'arisha vyoo na zile za klorini usizikaribishe hapo, zinakula alumini. Chini ya koili kuna feni ndefu ya mviringo kama pipa jembamba. Vumbi hushika kwenye makali yake madogo mpaka yanakuwa bapa, na feni bapa huzunguka kwa kasi ile ile bila kusukuma hewa. Ukiweka kidole ukakuta makali yamejaa, hilo peke yake linaweza kukupotezea sehemu kubwa ya upepo.

Mashine ya nje ndiyo inayoteseka zaidi. Kazi yake ni kutupa joto la chumba nje, na hewa ya nje tayari ina nyuzi 34 au 36. Ikizibwa na vumbi haina pa kutupia. Shinikizo linapanda, kompresa inakunywa umeme mwingi, inapata moto, na kinga yake ya ndani inaizima. Dalili ni ya kawaida sana: asubuhi inapoza, saa nane mchana inakata, jioni inarudi yenyewe. Watu huita hiyo "kichaa". Si kichaa, ni joto.

Kuosha kuna utaratibu. Anza kukavu. Ukimwagia maji kwanza, vumbi letu jekundu linageuka udongo wa kufinyangia na kujiziba katikati ya vibati, ambako hutaufikia tena. Ondoa vumbi kavu kwa brashi au kwa mashine ya kupuliza upepo. Kisha fungua skrubu za kifuniko cha juu, kiinue pole pole ukiangalia nyaya, funika sehemu ya umeme kwa nailoni, na pitisha maji ya mpira kutoka ndani kwenda nje, yaani kinyume cha njia ya hewa. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Inalaza vibati vyote na utakuwa umejenga ukuta. Vilivyolala viinue kimoja kimoja kwa kisu butu au kitana maalumu. Acha mashine ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Ukishamaliza hapo, rudia kupima. Mara nyingi namba zinarudi na huna haja ya kusoma zaidi.

Hatua ya tatu: maji yanayotiririka ukutani

Trei chini ya koili hukusanya maji na kuyapeleka nje kwa bomba. Vumbi likichanganyika na maji hufanya utelezi mweusi unaoziba mdomo wa bomba. Kosa hili huonekana zaidi mvua za kwanza zinapoanza, Machi au Aprili, kwa sababu kiangazi chote hapakuwa na maji ya kuonyesha kwamba njia imefungwa. Nenda nje, tazama mwisho wa bomba. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanaipenda sana tundu ile. Nimeshatoa kizibo cha udongo chenye viluwiluwi vyao ndani, kigumu kama kokoto. Toa kwa waya, kisha vuta kutoka nje kwa mashine ya kufyonza vumbi, au mimina maji kwenye trei kidogo kidogo mpaka yapite. Usipulize kwa nguvu kutoka nje; utairusha tope yote kwenye koili na kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Mwisho wa bomba funga kipande cha wavu wa mbu, kikiwa kimelegea ili maji yapite.

Maji pia yanaweza kutokana na barafu iliyoyeyuka. Ukikuta koili nzima imeganda, kosa ni hewa ndogo: filta, vumbi, au feni. Ukikuta barafu sehemu ndogo tu, mwanzoni ambapo bomba jembamba linaingilia, na sehemu nyingine ina joto, hapo ndipo neno gesi linaanza kuwa na maana. Kwa vyovyote vile zima mashine, acha feni peke yake iyeyushe. Usigonge barafu kwa kisu.

Hatua ya nne: umeme

Umeme wetu Uganda ni volti 240 na hezi 50. Mashine nyingi huvumilia kama asilimia 10 chini au juu, yaani takriban 216 hadi 264. Pima kwenye vituo vya mashine ya nje, si kwenye soketi ya sebuleni, na pima wakati kompresa inafanya kazi. Ukikuta 235 kompresa ikiwa imezimwa na 200 ikiwaka, waya ni mwembamba, ni mrefu mno, au kuna kiungo kilicholegea njiani. Mashine ya BTU 12,000 nampa waya wa 2.5 mm², ya 24,000 nampa 4 mm², kila moja na breka yake. Kiyoyozi kilichochomekwa kwenye soketi ya pamoja na friji na pasi, hicho ni moto unaosubiri tarehe. Kazi ya waya mpya mpe fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, na umwombe akionyeshe.

Umeme unaopanda na kushuka unaua kompresa na bodi kuliko joto. Weka stabilaiza, au angalau kifaa cha kinga kinachokata umeme ukiwa mbaya na kuchelewesha kurudi kwake kwa dakika tatu au zaidi. Muda huo una maana: kompresa ikizimwa, shinikizo la pande mbili linahitaji kulingana kabla haijawashwa tena. Umeme unaokatika na kurudi papo hapo unailazimisha kuanza ikiwa imebanwa. Na radi zikianza, zima breka. Ukanda wetu una radi nyingi, na sijaona stabilaiza iliyoshinda radi iliyopiga karibu.

Sasa kapasita. Katika joto kavu hiki ndicho kipuri kinachokufa mapema kuliko vyote kwenye mashine zisizo za inveta, na ndicho kinachogeuzwa kuwa "kompresa imeungua" na mafundi wenye njaa. Dalili: feni ya nje inazunguka, kompresa inanguruma sekunde chache, inasikika "tak", kimya, baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Au kinyume, kompresa inanguruma lakini feni imesimama, na ukiisukuma kwa kijiti chembamba kupitia wavu inaanza kuzunguka. Huyo ni kapasita ya feni, au beringi zimekaza.

Zima, toa chaji, chomoa nyaya ukizipiga picha kwanza, weka mita kwenye maikrofaradi. Soma kilichoandikwa ubavuni: kompresa ya 12,000 mara nyingi ni 30 hadi 35, ya 18,000 huwa 45 hadi 50, na feni ya nje ni ndogo, 1.5 hadi 3. Pembeni imeandikwa asilimia 5, yaani kiasi inachoruhusiwa kupungua au kuzidi. Ikiwa imeandikwa 35 na mita inasoma 28, imekwisha, hata kama haijavimba. Iliyovimba au kuvuja mafuta haihitaji kupimwa. Nunua yenye maikrofaradi zile zile na volti 450, na kama dukani kuna iliyoandikwa nyuzi 85 na nyingine nyuzi 70, chukua ya 85. Haya ni malipo madogo sana ukilinganisha na kompresa mpya.

Ikiwa kapasita ni nzima na kompresa bado haianzi, iache ipoe saa moja au mbili, kwa sababu kinga yake ya ndani huchelewa kurudi. Kisha pima omu kwenye vituo vyake vitatu, viwili viwili. Jozi mbili ndogo zikijumlishwa lazima zilingane na jozi ya tatu iliyo kubwa. Kati ya kituo chochote na bati la kompresa pasiwe na njia kabisa. Ukisoma omu chache hapo, kompresa imegusa mwili na ndiyo maana breka inaanguka. Hiyo ndiyo kompresa iliyoungua kweli.

Usisahau wadudu. Mjusi wa ukutani hupenda joto la boksi la umeme. Hujilaza katikati ya pointi za kontakta (swichi inayowasha kompresa) au kwenye bodi, anakauka pale akiwa mweusi kama mkaa, na mashine nzima inakufa kwa ajili yake. Mtoe kwa koleo, safisha pointi kwa kitambaa kikavu, na ziba tundu la nyaya kwa silikoni. Sisimizi nao hujaa kwenye relei ndogo. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye bodi. Inaacha mafuta yanayoshika vumbi.

Namba za makosa kama E1, F2 au H6 kwenye kioo, kila kampuni ina maana yake. Usiamini orodha ya jumla uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Tazama kitabu cha modeli yako au kibandiko ndani ya kifuniko. Nyingi huelekeza kwenye vihisi joto, vile vichwa vidogo vyeusi au vya shaba kwenye koili. Vingi vina omu 5,000 au 10,000 kwenye nyuzi 25, na vikipashwa joto mkononi omu zinashuka. Kisichoshuka kibadilishe.

Na kwa ndugu wanaorudi kutoka Uarabuni na mizigo: umeme wa Saudia ni hezi 60. Kiyoyozi kisicho cha inveta kilichotengenezwa kwa ajili ya huko, ukikileta kwenye hezi 50 zetu, mota inazunguka polepole na kupata moto kuliko ilivyopangwa. Stabilaiza haibadilishi hezi. Soma kibao kabla ya kulipia usafiri. Kilichoandikwa 50 au 50/60 hakina neno. Cha 60 peke yake kiuze huko huko. Cha Dubai ni 50, sawa na chetu.

Hatua ya tano: gesi, sasa

Umeosha, umepima umeme, feni mbili zinazunguka, kompresa inawaka, na bado tofauti ni nyuzi 3 au 4. Angalia valvu mbili za mashine ya nje. Bomba nene linapaswa kuwa baridi na lenye jasho, au baridi tu kama hewa ni kavu. Valvu nyembamba ikishika barafu nyeupe, gesi ni kidogo au kuna mzibo. Bana mita ya ampea: ikiwa mashine isiyo ya inveta inakula pungufu sana kuliko namba ya kwenye kibao huku haipozi, hiyo pia ni dalili ya gesi kupungua. Ikila zaidi ya kibao, kuongeza gesi ni kuimaliza. Tafuta uchafu, volti ndogo, au gesi iliyozidi.

Kisha tafuta mafuta. Gesi hutembea na mafuta ya kompresa, na panapovuja panabaki unyevu wa mafuta ulioshika vumbi. Katika mazingira yetu hilo ni msaada: doa jeusi lenye vumbi kwenye nati ni kama saini ya mvujo. Anzia kwenye nati nne, mbili nje na mbili nyuma ya mashine ya ndani. Paka povu la sabuni, subiri. Mvujo mdogo hutoa kiputo kimoja kwa dakika, kwa hiyo usiwe na haraka.

Fundi makini hufanya hivi. Kwanza anakusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi, haiachii hewani. Anakata mdomo wa bomba uliopasuka, anaupanua upya, anatia tone la mafuta, anafunga nati kwa spana mbili, moja ikishikilia. Nati ya bomba la robo inchi haihitaji nguvu za mbeba mizigo. Nm 14 hadi 18 zinatosha, na wengi huzipasua kwa kukaza mno. Halafu anajaza naitrojeni kupitia regyuleta mpaka shinikizo la majaribio lililoandikwa kwenye kibao, bila kulipita, na anaacha. Geji isiposhuka, mvujo umezibwa. Akija na mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji, mfukuze. Oksijeni na mafuta ya kompresa vikikutana kwa shinikizo hulipuka, na watu wamekufa hivyo.

Baada ya naitrojeni ni pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba, angalau nusu saa, hadi maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki), kisha anafunga valvu na kutazama kama inapanda. Hapa kuna jambo la nchi yetu ya mwinuko. Moroto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Kampala karibu mita 1,200. Geji ya mshale haiwezi kufika namba 30 (inchi za zebaki) upande wa vakyumu huku kwetu hata pampu ikiwa bora. Moroto itaishia karibu 25 na Kampala karibu 26, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Wapo waliotupa pampu nzima kwa kutojua hili. Tumia geji ya kielektroniki ya maikroni.

Mwisho anapima gesi kwenye mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibao, akiongeza kidogo kama bomba ni refu kuliko kiwango. Kwa mashine nyingi ndogo ni takriban gramu 20 kwa kila mita ya ziada, ila kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Kujaza kwa kuangalia geji peke yake ni kubahatisha, na kwenye mchana wa nyuzi 36 unajaza kupita kiasi bila kujua. Kama kipimo cha kulinganisha tu, gesi ya aina ya R22 husoma 60 hadi 75 psi upande wa shinikizo la chini, R410A na R32 kama 110 hadi 145. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo ijazwe ikiwa kimiminika.

Usichanganye aina. R32 inaweza kuwaka moto, na R290, ambayo ni propani, inawaka vibaya zaidi; hapo hakuna sigara wala kuchomelea bomba lenye gesi ndani. Mtu akitaka kutia propani kwenye mashine ya R22 kwa kuwa ni rahisi, kataa, mashine haikujengwa kwa gesi inayolipuka. R22 yenyewe inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi kama zetu zinatakiwa ziwe karibu zimeiacha kufikia mwaka 2030. Kompresa ya R22 ikifa leo, usinunue nyingine. Weka pesa hizo kwenye mashine mpya.

Mashine inakaa wapi, na ipi ya kununua

Mashine ya nje ipewe kivuli, ila isifungiwe. Paa dogo la makuti au bati lililoinuliwa juu yake linafaa. Boksi la matofali lenye tundu mbili halifai, maana inavuta tena joto ililotupa. Acha angalau sentimita 20 nyuma na mita moja mbele. Ukuta wa mashariki au kusini ni bora kuliko wa magharibi mwezi wa kwanza? Magharibi ndiko jua la saa kumi linakopiga, kwa hiyo epuka magharibi, hayo mengine ni hesabu ya kiwanja chako. Inue kwa mabano angalau sentimita 50 kutoka ardhini. Vumbi la chini ndilo zito, na kuku wana kawaida ya kulala pale.

Ukinunua mpya, tafuta herufi T1 au T3 kwenye kibao. T1 ni ya hali ya hewa ya kawaida, mara nyingi huvumilia nje hadi nyuzi 43. T3 ni ya jangwani, hadi takriban 52, na ndiyo inayouzwa nchi za Ghuba. Moroto haifiki huko kivulini, lakini mashine iliyo juu ya bati kwenye ukuta wa saruji hupumua hewa yenye joto kuliko ile ya kituo cha hali ya hewa, na hewa ya mwinuko ni nyepesi hivyo inabeba joto kidogo. Kwa Karamoja na West Nile (upande wa Arua) mimi ningelipa zaidi nipate T3 ya inveta. Kwa Kabale yenye baridi, usinunue kiyoyozi kabisa.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vile vipoza hewa vya maji vya bei nafuu. Kotido wakati wa kiangazi vinafanya kazi nzuri, hewa ikiwa kavu na dirisha likiwa wazi kidogo, tena vinakula umeme kidogo sana. Kampala vinakupa chumba chenye unyevu na godoro lenye ukungu. Na kamwe usikiwashe chumba kimoja na kiyoyozi; kimoja kinamwaga maji hewani, kingine kinayakamua, na bili unailipa wewe.

Ukimwita fundi

Muulize kabla hajafungua kisanduku: una mizani, una naitrojeni, una pampu ya vakyumu? Akiwa na mtungi wa gesi na geji peke yake, mwache aoshe tu. Akisema kapasita ni mbovu, mwambie akuonyeshe namba kwenye mita na namba ubavuni. Akisema kompresa imeungua, mwombe akupimie omu kwenda kwenye bati mbele yako. Kipuri cha zamani kibaki kwako. Na kabla hajalipwa, kipimajoto kiwe mkononi mwako, dakika 15 zimepita, hewa inayoingia na inayotoka zimesomwa, na namba hizo mbili ziandikwe pamoja na tarehe kwenye kibandiko ndani ya kifuniko, ili atakayekuja mwakani ajue alikoanzia.